Kabla Akili Mnemba Haijagusa Kazi Yako: Mambo ya Kuzingatia

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayojibu maswali na kuandika maandishi, ilipotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, watu wengi wamekuwa wakijiuliza kama kazi zao zitachukuliwa. Wana haki ya kuuliza, ila swali hilo halimsaidii mtu kujiandaa, maana kazi huwa haichukuliwi nzima kwa mkupuo. Kinachochukuliwa ni shughuli moja moja ndani yake. Kwa hiyo kabla hujalipia kozi yoyote, ijue kwanza kazi yako kuliko cheo chako kinavyoieleza.

Kwa wiki moja ya kawaida, andika kila unachofanya bila kukipamba. Tuseme wewe ni mhasibu. Utaandika: kuingiza ankara kwenye mfumo, kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, kumpigia simu mteja aliyelipa pungufu, kuandika barua ya kumkumbusha mdaiwa, kumweleza meneja kwa nini gharama za mwezi zimepanda, kukataa kusaini malipo ambayo nyaraka zake hazijakamilika. Kisha pitia mstari kwa mstari: je, programu inaweza kufanya hili leo, hata kama si vizuri sana? Kuingiza ankara, inaweza. Barua ya ukumbusho, inaweza, tena kwa sekunde chache. Kulinganisha taarifa ya benki, sehemu kubwa. Kukataa kusaini, hapana, kwa sababu anayekataa lazima awe mtu anayeweza kuulizwa na kuwajibishwa.

Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2023 ulieleza hali kama hiyo kwa mapana yake. Kazi za ukarani ndizo zinazoguswa zaidi: asilimia 24 ya shughuli zake ziko katika kiwango cha juu cha kuweza kufanywa na akili mnemba. Katika kazi nyingine nyingi, watafiti waliona uwezekano mkubwa zaidi wa kazi kubadilika kuliko kufutika. Kama mistari yako mingi imeangukia upande wa "inaweza", usisubiri tangazo la ofisi. Anza sasa kuomba majukumu yaliyo upande wa pili, hata yale madogo ambayo wenzako wanayakwepa.

Jambo la pili ndilo ninaloliona zito kuliko yote: uwezo wa kukagua. Mwaka 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ilikuwa imezitunga, ikazipa majina ya wahusika na nukuu za hukumu. Mmoja wao aliiuliza programu hiyo hiyo kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kuwa ndiyo. Programu za aina hii hutunga maandishi kwa kukadiria neno linalofuata, kutokana na maandishi mengi ziliyofunzwa nayo. Kosa lake kwa hiyo hutoka limeandikwa vizuri, kwa sauti ile ile ya kujiamini kama jibu sahihi. Wa kulikamata ni yule anayeijua kazi.

Na ujuzi wa kukagua hupatikana kwa kuifanya kazi yenyewe. Hapo ndipo vijana wanaoanza kazi wananipa wasiwasi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia wahudumu zaidi ya 5,000 wa huduma kwa wateja, baadhi yao wakiwa wamepewa msaidizi wa akili mnemba. Kwa wastani, idadi ya matatizo waliyoyatatua kwa saa wale waliopewa msaidizi ilipanda kwa asilimia 14. Wageni kazini walipanda kwa karibu theluthi moja, ilhali wazoefu hawakuongezeka sana. Ni habari njema kwa mgeni, na inafurahisha kuona anainuka haraka. Lakini ushauri wa msaidizi huyo ulitokana na mazungumzo ya wahudumu bora waliomtangulia. Mgeni anaweza kutoa jibu zuri siku nzima asijue ni kwa nini ni zuri, na siku msaidizi akikosea, naye atakosea.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu: fanya kwanza mwenyewe, hata kama rasimu yako ni mbovu, kisha iombe programu nayo ifanye, uweke kazi mbili hizo bega kwa bega. Palipotofautiana, tafuta nani yuko sahihi kwa kurudi kwenye chanzo: sheria, mkataba, stakabadhi, kitabu cha fani yako. Usifanye hivi kwa kila kitu, muda hautatosha. Chagua shughuli mbili au tatu ambazo ni kiini cha taaluma yako, na hizo usiziachie mashine kabla hujazimudu.

Kuhusu kozi, sina mengi. Kozi zinazouza siri za kuandika maelekezo ya kuzipa programu hizi huchakaa haraka, kwa kuwa programu zenyewe hubadilika kila baada ya miezi michache. Chagua programu moja, itumie kwenye kazi yako halisi, na uandike inapokosea. Daftari hilo la makosa litakufaa kuliko cheti, hata kwenye usaili, kwa kuwa utaeleza ulichokigundua na hatua uliyochukua.

Kabla hujabandika chochote kwenye programu hizo, uliza taarifa ile ni mali ya nani. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kuzitumia baada ya baadhi yao kuingiza humo msimbo wa siri wa kampuni, yaani maandishi yanayounda programu zake za kompyuta. Majina ya wateja, mishahara, vipimo vya wagonjwa na mikataba visiingie bila ruhusa.

Mwisho, zungumza na mwajiri wako mapema. Muulize ni programu zipi zinaruhusiwa, nani atawajibika kazi iliyosaidiwa na mashine ikiwa na kosa, na muda utakaookolewa utatumika kwa mafunzo au kwa kuongeza mzigo. Akikujibu kwa mdomo, mwandikie ujumbe wa kuthibitisha mlichokubaliana, na utunze nakala.