Somo: soma kwa sauti, ulimi utakuonyesha pa kurekebisha

Wakuu habari zenu. Leo ni kusoma kwa sauti, na nasema sauti ya kusikika sio kuchezesha midomo tu, maana ukisoma kimya andiko lako mwenyewe ubongo unajazia maneno ambayo hujaandika, unaona ulichokusudia badala ya kilichopo.

1. Ukimaliza kuandika liache lilale hata usiku mmoja. Halafu liprinti, kama huna printa badilisha fonti na ukuze herufi.

2. Soma kwa kasi ya mtu anayeongea, kalamu mkononi. Ukijikwaa weka alama pembeni UENDELEE, usirekebishe hapo hapo. Hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anasimama kuhangaika na neno moja, mtiririko unapotea, na aya mbili zinazosema kitu kile kile zinampita hivi hivi. Pumzi ikikata kabla ya nukta, hiyo sentensi igawe. Upatanisho nao, yaani maneno kukubaliana kwenye sentensi, sikio linaudaka haraka sana, "vitabu ambayo" badala ya "vitabu ambavyo" machoni inapita, ukiitamka unashtuka mwenyewe.

3. Rudi kwenye alama, rekebisha, kisha soma aya nzima tena, sio ulipobadilisha tu, kwa sababu sentensi mpya inaweza kugongana na jirani zake.

4. Wanaotaka ufasaha wa kusoma: chukua kipande kifupi, kirudie mara tatu nne, jirekodi kwa simu mara ya kwanza na ya mwisho usikilize tofauti. Msikimbilie spidi jamani, angalieni vituo na kiimbo (sauti kupanda na kushuka), kasi inakuja maneno yakishazoeleka.

MASWALI

Swali: Mkuu nyumbani kuna watu naona aibu, nikinong'ona haitoshi?
Jibu: Inasaidia, pumzi ikikata utajua, ila kiimbo hutakisikia vizuri. Au vaa hedifoni simu ikusomee, yenyewe inasoma kilichoandikwa, haikuonei huruma.

Swali: Mwanangu anasoma silabi kwa silabi, nimkatishe kila akikosea?
Jibu: Hapana dada, mpe sekunde kadhaa ajaribu mwenyewe. Kwanza msomee wewe, kisha msome pamoja, mwisho asome peke yake kipande hicho hicho. Na kiwe rahisi, akikwama kila mstari atachukia kusoma.

Swali: Nina ripoti ya kurasa 40, nisome yote??
Jibu: Yote, ila kwa mikupuo, sauti ikichoka na sikio linachoka. Anza na zile kurasa ulizoandika kwa haraka.