Kupanga matembezi ya siku nzima: kutoka mifereji ya Cheju hadi mikoko ya Pete

Kabla hujatafuta viatu wala mkoba, uliza leo mwezi ngapi, kwa hesabu ya mwandamo. Njia ninayoieleza hapa inaanzia Jendele, inapita katika bonde la mpunga la Cheju, inatokea Kaebona kwenye barabara kuu ya kusini mwa Unguja, inaingia msitu wa Jozani na kumalizikia kwenye mikoko ya Pete. Miguu inaweza kupangiwa saa yoyote, lakini maji ya bahari yana saa zake, na kwa kuwa Pete ndiyo kituo cha mwisho, ratiba nzima inahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka huko.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bandari ya mjini hupwa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 alasiri, na tofauti ya kina hukaribia mita 4. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Anayetaka kuyaona maji yamejaa chini ya njia ya mbao ya Pete wakati wa alasiri, basi achague mwisho wa mwezi au mwezi mosi, au mwezi 14 na 15. Anayependa kuona mizizi iliyo wazi, kaa na tondo (konokono wa mikokoni), achague mwezi 5 au 6, au 20 au 21, kwa sababu dakika 50 mara siku sita ni saa tano, na maji makavu ya saa 4 asubuhi yanakuwa yamesogea hadi saa 9 alasiri. Siku hizo zinakaribia maji mafu, hivyo bahari haitoki mbali kama wakati wa bamvua. Tena Pete iko ndani ya mkono wa bahari, ambako maji hufika kwa kuchelewa kuliko bandarini. Ongeza muda wa ziada. Mvuvi yeyote atakuhakikishia hesabu hii bila ya kutazama saa.

Baada ya mwezi, tazama msimu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, sakafu ya msitu wa Jozani hufurika, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na mvua huyapandisha juu, na njia za bondeni huwa tope tupu. Januari na Februari kuna jua kali la kaskazi. Mimi nachagua kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa na ubaridi na njia zimeanza kukauka, ingawa bonde halina tena ule ukijani wa mpunga mchanga. Ijumaa iache, maana sala ya Ijumaa itakukuta njiani.

Anza Jendele saa 1 kasorobo asubuhi. Barabara ya Jendele hadi Kaebona kupitia Cheju ni takriban kilomita 12, na bonde halina kivuli cha kutegemea, kwa hiyo ni lazima ulivuke kabla jua halijapanda. Kwenye barabara hesabu kilomita 4 kwa saa. Ukishuka kwenye kingo za mifereji na kuta za majaruba, yaani vitalu vya mpunga, hesabu nusu yake. Hapo ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Mara ya kwanza nilikanyaga ukuta uliokuwa laini na unang'aa kama umepakwa mafuta, ukabomoka, nikazama hadi gotini na maji ya jaruba moja yakaanza kumiminikia jengine. Bi mkubwa aliyekuwa akipalilia alinyoosha mgongo, akanitazama, akasema, "Mwanangu, ukuta huo wa jana, haujashika." Nilimwomba radhi, tukauziba pamoja kwa mikono. Tangu siku hiyo natazama kwanza: ukuta wenye majani yaliyoota na nyufa za kukauka unabeba mtu, wa kijivu unaong'aa unaachwa. Vilevile usipite katikati ya wakulima kimya kimya. Toa salamu, wape pole ya kazi, uliza njia hata kama unaijua, kwani mfereji uliokuwa na daraja la magogo mwaka jana huenda leo hauna. Kama mko kundi kubwa, sheha apewe taarifa mapema.

Usioge wala kuogelea kwenye mifereji na madimbwi ya maji baridi, wala usivuke peku. Unguja imepambana na kichocho kwa miaka mingi, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa utosini, yaani saa ile ile ambayo maji yanatamanisha.

Ukifika Kaebona, panda daladala hadi lango la Jozani. Najua wapo watakaoona hiyo si haki ya matembezi, lakini kipande hicho ni cha lami na magari ya kwenda pwani ya mashariki, na hakina cha kukufaidisha isipokuwa vumbi.

Jozani ndiyo sehemu ya kupumzikia adhuhuri. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 iliingizwa katika mtandao wa hifadhi za binadamu na viumbehai wa UNESCO. Lipa ada kaunta, chukua risiti, na ongozana na mtembezaji wa hifadhi. Kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake, huonekana kwa urahisi upande wa kusini wa barabara, wakila majani machanga ya mikungu. Simama mbali nao kiasi cha mita 3, na usiwape chakula. Matumbo yao yameumbwa kwa majani, si kwa biskuti.

Mwendo wa kwenda Pete ni mfupi. Njia ya mbao inapita juu ya tope, na kwa kuitazama mizizi tu unaweza kuitambua miti: mkoko umesimama kwa magongo yaliyopinda, mchu umechomoza vijiti vyembamba kama penseli kutoka ardhini. Kaa kimya dakika 10. Kaa wa gando moja kubwa, walioingia mashimoni uliposhuka, watatoka tena mmoja mmoja.

Mkobani weka maji lita 3, mihogo ya kuchemsha au mkate wa kumimina, tende, chumvi kidogo, soksi za akiba, na nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa mikokoni. Viatu viwe vya raba vilivyokwisha kuzoea mguu. Saa 11 jioni uwe umeshasimama barabarani, kwani magari ya Makunduchi na Jambiani yanayorudi mjini hupungua jua linapokaribia kutua, na yanayopita yanakuwa yamejaa.