Kumzoesha Mbwa Mdogo Anayechagua Chakula Kula Chakula cha Nyumbani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwalea hapa Mbeya mbwa wa umbo dogo ambao wamiliki wao wamesafiri, na karibu kila anayeniletea mbwa wake hunikabidhi pamoja na onyo kwamba "huyu hali." Ukiuliza kwa utulivu utaambiwa kwamba anakula vipande vya chapati mapajani mwa watoto, ngozi ya kuku ya jioni na mara mojamoja yai. Kwa hiyo mbwa anakula, ila amejifunza kwamba akilisusa bakuli lake atapata kitu kitamu zaidi muda si mrefu. Hatua zifuatazo ndizo ninazozitumia kwa mbwa mzima mwenye afya na uzito wa kilo 4 hivi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba haumwi. Inua mdomo utazame meno na fizi, kwa kuwa mbwa wadogo meno yao hubanana, hushika ugaga mapema, na jino linalouma humfanya mbwa aonekane mwenye maringo. Tafuta kupe masikioni na katikati ya vidole, kwa sababu homa zinazoletwa na kupe huondoa hamu ya kula. Mbwa mzima ambaye hajala chochote kwa saa 24, au anayetapika, au ambaye fizi zake zimepauka, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa asisubirishwe muda huo wote, maana sukari yake ya damu hushuka upesi.

Hatua ya pili: weka saa za kula. Bakuli liwekwe chini asubuhi na jioni, likae dakika 15 hadi 20, kisha liondolewe bila kubembeleza wala kugomba, na katikati ya milo hiyo asipewe kitu chochote isipokuwa maji. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, na kwa uzoefu wangu anayeiharibu si mbwa, ni bibi au mtoto anayedondosha tonge chini ya meza kwa siri. Zungumza na watu wote wa nyumbani kabla ya kuanza.

Hatua ya tatu: pika katika sufuria yake peke yake. Kwa siku tano mimi hutumia gramu 400 za nyama iliyoiva isiyo na mafuta mengi, iwe ya ng'ombe ya kusaga au ya kuku isiyo na mifupa, gramu 350 za wali ulioiva sana, gramu 150 za boga au karoti zilizochemshwa, na vijiko vitano vya chai vya mafuta ya alizeti. Sehemu ndogo ya nyama hiyo, gramu 20 tu, inaweza kuwa maini, kwani maini yakizidi humrundikia mbwa vitamini A. Chumvi siweki. Nyama haina kalisi ya kutosha, kwa hiyo huchemsha maganda ya mayai, huyakausha na kuyasaga hadi yawe laini kama unga wa ngano, kisha huchanganya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa katika chakula chote hicho. Hata hivyo, mchanganyiko huu hauna madini na vitamini zote anazozihitaji mbwa, kwa hiyo kama utautumia kwa zaidi ya wiki chache, muulize daktari wa mifugo akupatie virutubisho vya kuongezea. Kwa mbwa anayekua usiutumie kabisa bila ushauri wake. Chakula cha siku tatu hukaa kwenye friji, na kinachobaki hugandishwa.

Kuhusu sufuria, nasema kwa kujuta. Niliwahi kumpa mbwa niliyekuwa namlea wali uliolowekwa mchuzi wa nyumbani, nikiwa nimesahau kwamba mchuzi huo ulikaangiwa vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mwili mdogo huhitaji kiasi kidogo tu ili udhurike. Zabibu, chokoleti, makadamia na bigijii zenye zailitoli (kitia utamu kinachotumika badala ya sukari) navyo ni hatari, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Wanaopendelea dona badala ya wali wasipike mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa "ni ya mbwa," kwani sumukuvu hushambulia ini na haiondoki kwa kuchemshwa.

Hatua ya nne: fanya chakula kinukie na kisichambulike. Mbwa huamua kwa pua kabla ya ulimi, na chakula cha baridi hakinukii. Katika Juni na Julai, baridi yetu ya Mbeya hugandisha mafuta ya nyama juu ya bakuli yakawa kama utando mweupe, na mbwa hulinusa mara moja tu akaondoka. Ongeza maji ya moto kidogo, koroga, ujaribu kwa kidole: kiwe vuguvugu, kisichome.

Jike mmoja mweupe niliyemlea alikuwa na ufundi wake. Alichota mdomo mzima, akanyonya nyama yote, kisha akazitema punje za wali sakafuni mojamoja, zikiwa safi kama zimeoshwa. Tangu siku hiyo naponda kila kitu kwa mwiko mpaka nyama, wali na boga vishikane, asipate pa kuchambua. Juu yake nyunyizia nusu kijiko cha chai cha unga wa usipa mkavu, wale samaki wadogo kama dagaa. Usipa huo wa Ziwa Nyasa uoshwe kwanza kuondoa mchanga na chumvi, ukaushwe tena, ndipo utwangwe.

Hatua ya tano: badilisha polepole. Siku mbili za kwanza robo ya bakuli iwe chakula kipya na robo tatu kile alichokizoea, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, hadi kufikia siku ya 7 au ya 10. Akiharisha, rudi nyuma hatua moja. Unga wa usipa nao upunguze kidogo kidogo, usije ukamfundisha deko jipya.

Mpime kila wiki katika mwezi wa kwanza. Kwa mbwa wa kilo 4, gramu 200 zikipungua ongeza chakula, na gramu 400 zikipungua mwone daktari. Mizani ya bafuni haioni tofauti ndogo kama hizo, kwa hiyo mimi huwatia kwenye kikapu na kuwapeleka duka la nafaka la jirani, ambaye siku hizi hupima kikapu kitupu kwanza bila kuambiwa.