Namna ya Kumsaidia Ndugu Anayeanza Matibabu ya Ugonjwa wa Akili

Ndugu yako hapo Moshi anaposikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anapokesha akizungumza mambo yasiyounganika, mpeleke mapema Hospitali ya Mawenzi au KCMC, bila kusubiri kikao cha ukoo. Andika siku dalili zilipoanza, dawa anazotumia, zikiwamo za mitishamba, na kama anakunywa mbege au gongo, kwa kuwa malaria kali, kifafa na pombe vinaweza kuleta hali inayofanana na hiyo.

Anayepewa fluoksetini kwa ajili ya sonona aelezwe kwamba nafuu huchukua takribani wiki 2 hadi 6, na hapo ndipo wengi huacha dawa wakidhani haifai. Haloperidoli, dawa ya kutuliza dalili kama kusikia sauti, inaweza kukaza shingo au kuleta mtetemeko. Mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, kwani hilo hutibika. Maombi yaendelee sambamba na dawa, ikiwa yanamfariji. Kumfunga kamba, jambo ambalo bado baadhi ya familia hulitetea, ni ukatili unaomwongezea hofu.

Ukihisi anawaza kujiua, muulize waziwazi, ondoa nyumbani viuatilifu vya kahawa, na asiachwe peke yake hadi afikishwe hospitalini.