Namna ya Kulinganisha Modeli za Magari ya Plastiki kutoka kwa Watengenezaji Tofauti

Anayetaka kujua ni kampuni ipi imelitendea haki gari analolipenda asilinganishe Datsun ya huyu na Toyota ya yule, bali atafute gari moja lililotolewa na kampuni mbili. Mimi hapa Lamu hutumia Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Kampuni ya modeli ya Hasegawa imeitoa kwa sura hiyo ya Safari, na kampuni ya Tamiya imetoa ndugu yake, 240ZG, zote kwa kipimo cha 1/24, yaani modeli ni ndogo mara 24 kuliko gari halisi.

Anza na rula, si gundi. Usipime kutoka bampa hadi bampa, kwani pua ya 240ZG ni ndefu zaidi, nawe utaidhulumu modeli isiyo na kosa. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma. Katika gari halisi umbali huo ni milimita 2,305, na ukiugawanya kwa 24 unapata milimita 96. Kampuni ya AMT ya Marekani hutumia zaidi 1/25, ambapo gari hilohilo lingepata milimita 92, na tofauti hiyo huonekana mara tu magari mawili yanapopangwa sambamba rafuni.

Jina lililo juu ya boksi lisikuhadae. Kampuni ya Revell, kwa mfano, imewahi kuuza plastiki iliyomiminwa na kampuni nyingine, Hasegawa na Italeri, kwa hiyo tazama chini ya chasisi, ambako mara nyingi huchapwa jina la mwenye kalibu na mwaka wake.

Hatua ninayoipa uzito kuliko zote ni kujaribisha vipande vikavu, yaani bila gundi. Kata bodi, sakafu, kioo cha mbele na boneti kutoka kwenye fremu za plastiki, uvishikize kwa utepe, kisha pitisha ukingo wa karatasi ya daftari katika kila mwanya. Mwanya wa boneti ukiwa sawa kushoto na kulia, kalibu ni nzuri. Karatasi ikipita upande mmoja na kukwama upande wa pili, jiandae kwa msasa mwingi. Mafundi wa jahazi wa Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, hawaupigilii ubao msumari kabla ya kuuona umekaa mahali pake, na sioni kwa nini plastiki istahili uangalifu mdogo zaidi. Angalia pia vishimo na nyuzi za plastiki iliyovuja kandokando ya kipande. Idadi ya vipande haina maana kubwa, ingawa mwenye kupenda injini ahakikishe imo, kwa kuwa modeli nyingi za Tamiya hazina.

Stika za kuloweka zijaribiwe kwa ile usiyoihitaji.

Mwishowe, pulizia rangi bodi zote mbili siku moja, kwa rangi ya kopo moja. Unyevu wa pwani yetu huzifanya rangi zinazokauka upesi zipate ukungu mweupe, na bodi iliyopuliziwa siku ya mvua itaonekana mbovu kuliko mwenzake wa siku kavu, ilhali kosa ni la hewa.