Kabla hujaunganisha vipimo na rekodi za washiriki wa utafiti

Majina yasiingie kwenye faili la vipimo. Namba ya mshiriki inatosha. Safu ya namba iwekwe kuwa maandishi kabla data haijaingizwa Excel, la sivyo 0047 itageuka 47. Tarehe zianze na mwaka, 2024-03-05, maana 05/03 kwa mmoja ni Machi na kwa mwingine ni Mei. Saa 3 asubuhi iandikwe 09:00, kama mashine ya presha inavyoandika. Karani akiweka 3:00 amekosea kwa saa 6. Kizio nacho kisiachwe: hemoglobini gramu 11.2 kwa desilita ni 112 kwa lita.

Namba iliyopoteza sifuri angalau haitaoana na rekodi yoyote, utaiona. La kuogopa ni kosa linalooana. Muuguzi anampima mtoto 1047, miezi 6, kilo 7.4. Kliniki imejaa, mkono unateleza, anaandika 1074. Namba hiyo ipo, ni ya mtoto wa miezi 18 aliyekuwa na kilo 10.1 mwezi uliopita. Programu inaunganisha kimya kimya. Sasa mmoja anaonekana hakuhudhuria, mwingine amepungua karibu kilo 3, na mtu anatumwa kijijini kumfuata mtoto asiyeumwa. Wangekuwa wa umri mmoja, kosa lingebaki humo hadi kwenye matokeo.

Kinga yake ni tarakimu za uhakiki, na zipangwe kabla lebo hazijachapwa. Gawanya namba kwa 97, baki uiweke mwishoni. 1047 hubakiza 77, basi lebo isomeke 1047-77. 1074 hubakiza 07. Anayeingiza 1074-77 anakataliwa papo hapo, mtoto akiwa bado kwenye mizani. Kama lebo zilishatoka bila tarakimu hizo, jinsia na tarehe ya kuzaliwa ziulizwe upya kila hudhurio, na zisipooana usiunganishe.

Unganisha kwa namba pamoja na hudhurio, kamwe si namba peke yake. Hesabu mistari: vikiingia vipimo 412 na baada ya kuunganisha ikatoka mistari 430, kuna namba iliyojirudia kwenye rejista ya washiriki. Visivyooana virudi kwenye fomu ya karatasi, usikisie. Faili ghafi lisiguswe. Kila sahihisho liwe na tarehe, sababu na aliyelifanya. Mapacha uwaangalie zaidi, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa ni moja na mara nyingi jinsia pia: lebo ya kila mmoja ibandikwe kwenye kadi yake kabla hawajavuliwa nguo.