Kabla ya kuweka grafti yenye matawi kwa katheta: mambo ya kuzingatia

Anurizimu ni sehemu ya ateri iliyotanuka kwa sababu ukuta wake umedhoofika. Aota, ateri kuu itokayo moyoni, kwa kawaida ikifika tumboni ina kipenyo cha sm 2 hivi. Ikitanuka hadi sm 3 huitwa anurizimu, na ikifika sm 5.5 kwa mwanamume au sm 5 kwa mwanamke, hatari ya kupasuka huanza kuzidi hatari ya matibabu. Ikiwa imekaa chini ya ateri za figo, na juu yake pamebaki shingo ndefu, yaani kipande cha mshipa usio na ugonjwa, grafti ya kawaida (mrija wa kitambaa wenye fremu ya chuma) hupitishwa kwenye ateri ya paja na kufunguliwa ndani bila kupasua tumbo. Anurizimu ikigusa mahali yanapotoka matawi ya aota, kila tawi utakalolifunika ni kiungo unachokinyima damu: figo, utumbo, ini, uti wa mgongo, misuli ya makalio. Hapo huhitajika grafti yenye matundu au matawi yake yenyewe, na kila moja huunganishwa na ateri yake kwa stenti (kibomba cha wavu wa chuma) iliyovikwa kitambaa.

Maelezo haya ni kwa timu ya Uganda inayojiandaa kwa kazi hiyo, iwe itaifanya pamoja na wataalamu wageni au itamwandaa mgonjwa wa rufaa. Msimamo wetu ni kwamba kazi hii hufaulu au huharibika wiki kadhaa kabla ya sindano ya kwanza, kwenye picha na kwenye kabati la vifaa. Katika miji yenye bohari ya msambazaji jirani, stenti iliyosahaulika huletwa mchana uleule. Kampala itabidi isubiri ndege itue Entebbe.

Anza na picha, na usikubali picha isiyofaa. Kinachotakiwa ni CT (eksirei ya vipande vipande) ya mishipa yenye dawa ya rangi, iliyopigwa wakati dawa iko kwenye ateri, vipande visivyozidi unene wa mm 1, kuanzia upinde wa aota hadi ateri za mapaja. Filamu kubwa ambazo mgonjwa hubeba kwenye bahasha kutoka Arua au Mbarara hazipimiki. Ripoti iliyoandikwa nayo haitoshi. Omba mafaili ya DICOM yenyewe, yaani picha asilia za kompyuta, na uyaombe mapema, kwa kuwa vituo vingi huhifadhi vipande vinene vya mm 5 na kufuta vile vyembamba ili kupata nafasi kwenye mashine. Ukipanga kwa vipande vya mm 5, ateri ya figo yenye kipenyo cha mm 5 inaweza kuonekana kwenye kipande kimoja tu, na hutajua inatoka kwa pembe gani.

Vipimo vichukuliwe kwenye mstari wa kati wa mshipa kwa programu maalumu. Mshipa uliopinda ukipimwa kwenye kipande kilichokatwa mlalo huonekana mpana kuliko ulivyo. Grafti huchaguliwa ikizidi kipenyo cha mshipa kwa asilimia 10 hadi 20. Ikiwa ndogo, damu itapita pembeni yake. Ikiwa kubwa mno, kitambaa kitajikunja na damu itapita kwenye mikunjo. Kwa kila tawi andika kipenyo, umbali kabla halijagawanyika, pembe linalotokea, na kama mdomo wake una mafuta magumu au chokaa. Ateri ya figo iliyo chini ya mm 4 ni onyo: stenti ndani yake huziba kwa urahisi. Ile inayogawanyika mapema nayo ni onyo, kwa sababu stenti ya kuunganisha inahitaji takriban mm 15 za mshipa mzima wa kushika.

Mahali pa kila tundu huandikwa kwa kufuata uso wa saa ya ukutani, 12 ikiwa mbele ya mgonjwa. Andika namba iliyo kwenye uso wa saa pamoja na digrii zake, na usiitaje kwa mdomo peke yake. Ateri ya figo ya kushoto mara nyingi huwa karibu na 3 na ya kulia karibu na 9. Mtu akisema "saa tatu" kama tunavyosema kila siku, mshale uko kwenye 9, na pande mbili za mwili zimebadilishana katika neno moja.

Kabla hujaagiza chochote, uliza kama anurizimu hii ina maambukizi. Katika eneo letu swali hili lina uzito mkubwa. Jihadhari na mgonjwa kijana, uvimbe uliochomoza upande mmoja kama kifuko, uvimbe mahali pasipo kawaida kama shingoni au pajani, uvimbe zaidi ya mmoja, au ule uliokua haraka pamoja na homa na maumivu ya mgongo. VVU, kifua kikuu, kaswende na salmonela vyote vinaweza kuharibu ukuta wa ateri, na ugonjwa wa Takayasu huharibu aota za vijana bila kijidudu chochote. Chukua damu ya kuotesha vijidudu angalau mara mbili kabla ya antibiotiki, pima CRP (protini ya damu inayopanda penye maambukizi), VVU na kaswende, na tafuta kifua kikuu. Grafti ni kitambaa na chuma, na ikiwekwa ndani ya usaha, vijidudu hujificha humo ambapo dawa haiwafikii vizuri. Kwa anurizimu yenye maambukizi inayovuja, grafti inaweza kuwa njia ya kumvusha mgonjwa asife leo, lakini uamuzi huo ufanywe kwa kujua kwamba antibiotiki za muda mrefu na pengine upasuaji wa wazi vitafuata.

Ukiridhika, amua kati ya tundu (shimo kwenye kitambaa cha grafti) na tawi (mrija mfupi ulioshonwa kwenye grafti). Tundu linafaa pale grafti inapolala karibu na ukuta kwenye mdomo wa ateri. Tawi linafaa pale penye nafasi wazi kati ya grafti na ateri. Ipo grafti ya matawi iliyo tayari dukani, kama Zenith t-Branch ya Cook, yenye matawi manne: mawili ya mm 8 kwa ateri ya siliaki (inayolisha ini na tumbo) na ateri kuu ya utumbo, na mawili ya mm 6 kwa figo. Ile inayoshonwa kwa vipimo vya mgonjwa mmoja huchukua wiki 6 hadi 12 kutengenezwa, kisha huja usafiri, vibali vya Mamlaka ya Taifa ya Dawa na forodha. Mwekeeni wakala wa forodha nyaraka zote kabla mzigo haujapanda ndege. Mzigo wenye joto maalumu la kuhifadhiwa haufai kukaa kwenye bohari ya bati wikendi nzima. Na ikiwa CT ina zaidi ya miezi sita siku grafti inapofika, piga nyingine, maana shingo iliyopimwa huenda imeshatanuka.

Anurizimu ikifika kwenye ateri za nyonga, kishawishi ni kuziba ile ya ndani, inayolisha makalio, na kuendelea. Upande mmoja mgonjwa mara nyingi huvumilia, ingawa makalio yatauma akitembea. Ukiziba pande mbili unahatarisha utumbo mkubwa, uti wa mgongo na nguvu za kiume. Kwa mkulima wa Kasese anayepanda mlima kila siku, maumivu ya makalio yanatosha kumwondolea riziki. Kifaa chenye tawi la nyonga kipo, na kinastahili kuombwa mapema.

Sasa kabati. Usihesabu kifaa kimoja kwa kila hatua. Kwa kila tawi weka stenti ya kuunganisha ya kipimo kilichopangwa, nyingine iliyo ndefu zaidi, na nyingine ya kipenyo kinachofuata. Sababu ni hii: grafti ikikaa mm 5 juu au chini ya ulipopanga, stenti ya urefu uliopangwa haitafika. Kwenye tundu, stenti hubakizwa mm 3 hadi 5 ndani ya grafti, kisha mdomo wake hutanuliwa kwa puto la mm 10 ili ushike kama kichwa cha ribiti. Bila puto hilo stenti huteleza, na damu huvuja kwenye kiungo kati ya vipande viwili, uvujaji wa aina ya tatu, ambao hautulii wenyewe. Weka pia stenti zisizovikwa kitambaa zinazojifungua zenyewe, kwa ajili ya kulainisha kona pale ile ngumu inapoishia na ateri inapopinda. Kona kali isiyolainishwa inaweza kuziba ateri ya figo baadaye, wakati timu imeshatawanyika.

Waya ngumu za sm 260 au zaidi ziwe mbili au tatu, na za kuteleza za inchi 0.035 ziwe nyingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa zikianguka chini haziokotwi. Puto kubwa la kuziba aota lifunguliwe sanduku na kupimwa kama linapita kwenye mrija uliopo. Waya wa kukamatia kipande kilichopotea uwepo. Thieta iwe na seti ya upasuaji wa wazi iliyotakaswa vijidudu, klempu za aota na grafti ya Dakroni, na daktari anayeweza kuvitumia awe ndani ya jengo. Ateri za nyonga zisizofika mm 7 kwa kipenyo, hasa zenye chokaa, huchanika wakati wa kutoa mfumo mnene uliobeba grafti. Damu hapo hupotea nyuma ya tumbo bila kuonekana, na dalili ya kwanza huwa ni presha kushuka.

Siku moja kabla, watu wawili wasome lebo kwa sauti: jina au namba ya mgonjwa, kipenyo, urefu, tarehe ya kuisha. Mmoja asome sanduku, mwingine ashike mpango.

Umeme ni sehemu ya vifaa. Jenereta inaweza kushika ndani ya sekunde kadhaa, lakini mashine ya eksirei ikizimika huchukua dakika kadhaa kuwaka upya, na picha ya rejea uliyokuwa unaifuata inaweza kupotea. Iunganishe na UPS (betri ya akiba) inayoweza kubeba mzigo wake, na jaribu kwa kukata umeme kweli kabla ya siku yenyewe. Mashine ya eksirei ya magurudumu hupata joto katika kazi ya saa nne au tano na kujizima, kwa hiyo punguza kasi ya picha, piga kwa vipande vifupi, na ujue kikomo chake mapema. Aproni za risasi zikaguliwe nyufa, na kila mtu avae kipima mionzi chake kama Baraza la Nishati ya Atomiki linavyotaka. Mgonjwa aliyefikisha mionzi ya Gy 5 (grei) ngozi yake ya mgongo ichunguzwe kwa wiki kadhaa zinazofuata.

Kwa figo, pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ndani ya wiki ya mwisho. Mpe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ml 1 kwa kilo kwa saa, kwa saa 6 hadi 12 kabla na baada, ikiwa moyo wake unayamudu. Jumla ya dawa ya rangi kwa mililita ilenge mara 2 ya eGFR (kasi ya figo kuchuja damu) na isivuke mara 3. Metfomini, dawa ya kisukari, isimamishwe siku ya kazi na irudishwe baada ya saa 48, figo zikiwa salama. Mgonjwa anayetumia ARV aje na vidonge vyenyewe. Kati yake, dolutegraviri hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo, na huongeza metfomini mwilini. Tenofoviri inaweza kuziumiza kweli. Ritonaviri hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa ambayo huenda ulikuwa unaitegemea kuzuia stenti zisizibe, kwa hiyo zungumza na kliniki ya VVU kabla ya kuandika. Dawa za mitishamba zitajwe bila kumkaripia mtu, maana akikaripiwa ataficha.

Mezani, heparini ya kuzuia damu kuganda huanzia yuniti 100 kwa kilo, na muda wa damu kuganda (ACT) upimwe na kubaki juu ya sekunde 250. Mashine ya ACT isiyo na katriji ni pambo. Antibiotiki ya sefazolini g 2 itolewe ndani ya saa moja kabla ya mkato na irudiwe baada ya saa nne. Damu zilizolinganishwa ziwe yuniti 4 kwenye friji ya jengo lenu. Ahadi ya simu kutoka benki ya damu ya Nakasero haitoshi.

Uti wa mgongo unahitaji mpango wake. Kadiri unavyofunika aota ndefu, ndivyo ateri ndogo zinazoulisha zinavyopotea, na miguu inaweza kulegea saa au hata siku chache baadaye. Kwa aota ndefu, gawa kazi katika vikao viwili ikiwezekana. Wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) ijue kabla: presha ya wastani iwe mmHg 90 hivi, hemoglobini juu ya g/dl 10, na muuguzi amwambie mgonjwa ainue kila mguu kila saa, usiku pia. Mguu ukilegea, presha hupandishwa papo hapo na daktari wa nusukaputi huitwa kwa ajili ya kutoa maji ya uti, yasiyozidi ml 10 hadi 15 kwa saa. Yakitolewa kwa kasi, damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu.

Ridhaa ichukuliwe kwa lugha ya nyumbani kwa mgonjwa, mbele ya ndugu atakayemuuguza. Waambiwe wazi kwamba huenda akarudi mezani mwaka huu au mwaka ujao kwa stenti iliyolegea au kuziba, na kwamba gharama ya kurudi huko haimo kwenye ya leo. Afikie Kampala au karibu kwa wiki mbili za kwanza. CT ya mwezi mmoja ipangwe tarehe na kituo kabla hajalazwa, kisha ya mwaka, kisha kila mwaka. Kwenye kadi yake andikwe aina ya grafti, namba ya kila stenti na tawi iliyomo, ili daktari wa Lira au Mbale atakayempokea akiwa na maumivu ya tumbo usiku ajue ni ateri ipi ya kuitazama kwanza.